Kibuyu cha Gogo Tabutany

Siku hizo maziwa yote yalikuja kwa meli, na mtu mmoja aliruhusiwa glasi moja kwa wiki. Yakilala siku tatu bila kunywewa, yalihesabika yameharibika, na nyumba nzima ilikatiwa mgao.

Tabutany, ambaye wote walimwita Gogo, yaani nyanya, alikuwa amejinyima glasi nane. Alizigandisha ndani ya kibuyu alichokisugua kwa mkaa, kama mama yake alivyofanya enzi za ng'ombe, ili binti yake anayerudi kutoka ng'ambo apokewe kwa mursik, maziwa ya kibuyu ya kwao. Lakini mkaguzi wa mgao, Kiptalam, alitangulia kufika.

“Gogo, kibuyuni mna nini?”

Kikongwe alikishika kibuyu. Alimmiminia kikombe. Maziwa yalitoka mazito, yenye rangi ya jivu. Kiptalam aliyanusa, akaketi bila kukaribishwa, akanywa akiwa amefumba macho.

“Nyanya yangu alikuwa akikificha chake uvunguni,” alisema. “Nilikuwa nimeshasahau.”

“Nikuongeze?”

“Niongeze, Gogo.”

Alikimaliza cha pili, akajifuta masharubu taratibu.

“Kongoi, Gogo,” alishukuru kwa lugha ya kwao. Kisha akakipima kibuyu kwa macho, akafungua kishikwambi chake, akaandika: maziwa yaliyoharibika, glasi nane.