Mtihani wa Pete

"Ilete hiyo pete," alisema Rahti, kabla chai ya chumvi haijamiminwa. "Shali ipite ndani yake, tuone. Ikikwama, kila mtu arudi kwao."

Ilikuwa siku ya kubadilishana nishani za uchumba nyumbani kwa Sonaullah, mtarizi wa shali wa mtaa wa Zadibal, Srinagar. Upande wa mchumba ulikuwa umeleta pete ya dhahabu. Upande wa binti ulikuwa umetandaza shali ya pashmina, ile sufu laini ya mbuzi wa milimani. Rahti alikuwa shangazi wa mchumba, cheo kisicho na wajibu wowote, na kwa hiyo hutekelezwa kwa bidii kubwa.

Mtaani hapo hata watoto wanajua kwamba pashmina ya kweli, kwa wembamba wake, hupita kwenye pete ya kike kama maji. Sonaullah alijua zaidi yao: alijua kwamba hii haikuwa pashmina. Ile ya kweli, aliyoanza kuitarizi wakati binti yake Zooni bado anatambaa, ilikaa sandukuni mpaka siku alipofunua kifuniko akakuta maua ya hariri yameshikiliwa na hewa. Nondo, ambao hawahitaji pete kuitambua pashmina, walikuwa wamemaliza kazi yao. Ikambidi atafute kitambaa cha sufu cha kiwandani kutoka nyanda za chini, akitarizi mbiombio, huku akimwomba Mungu wageni wawe watu wa macho, si wa vidole.

"Dada yangu," alisema sasa, "shali yenye tarizi nzito haipiti peteni. Sindano huongeza unene."

Hilo lilikuwa kweli, na yeye mwenyewe alishangaa kujikuta nalo.

"Ya bibi yangu ilipita."

"Labda bibi alivaa pete pana," alidakia Fazi, mke wa Sonaullah.

"Bibi alikuwa na vidole kama hivi vyangu," akajibu Rahti, akavinyoosha. Vilikuwa vinene kama ndizi.

Msaada ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mukhta, mama wa mchumba na mke wa sonara, alikuwa mwanamke aliyesifika kwa kutoiamini adhana mpaka atazame jua. Alikohoa.

"Wifi, haya yote ya nini? Tumekuja kuposa, hatukuja sokoni. Mimi shali nimeshaiamini."

"Wewe? Wewe uliyemrudishia jirani maziwa kwa sababu yalikuwa meupe mno?"

"Nimebadilika."

"Lini?"

"Leo."

Sonaullah alimtazama kwa shukrani ambayo hakuwahi kumpa binadamu yeyote. Nyuma ya pazia Zooni, ambaye alimpenda mchumba wake na hakuficha hilo kwa mtu, alisogeza jicho kwenye upenyo.

Mukhta alikifunika kisanduku cha pete kwa viganja viwili. Rahti alikichomoa chini ya viganja hivyo kama mtu anayemnyang'anya kuku yai.

"Wifi, hiyo ni ya bibi harusi! Ni nuksi kuvaliwa kabla yake!"

"Nani anaivaa? Itavaliwa na shali."

Akachomeka pembe ya shali peteni, akavuta. Pembe ilipita. Ua la kwanza la lozi likafuata, kwa shida. Kisha shali ikajikusanya, ikagoma.

"Si nilisema!" Rahti alivuta tena, safari hii akiwa ameegemeza mguu ukutani. "Pashmina gani hii, ina shingo kama ya fahali?"

"Iache, wifi," alisema Mukhta, kwa sauti ya mtu aliye kwenye kiti cha daktari wa meno. "Iache, nakusihi."

Sonaullah alifumba macho, akaanza kutunga maneno ya kuomba radhi. Alikuwa amefika kwenye nondo aliposikia mlio mdogo, kama wa kijiti kuvunjika.

Akafumbua macho. Shali ilikuwa imelala mapajani mwa Rahti, ikiwa na mstari wa manjano ulioachwa na pete kutoka pembeni hadi pale ilipokwama. Kiganjani mwake pete ilikuwa kipande cha waya uliofunguka, mwekundu kama sufuria yoyote ya shaba iliyokuwa jikoni.

Rahti aliugeuza waya huo kwenye mwanga, akaugeuza tena. Sonaullah na Mukhta walitazamana kwa muda ambao, kwa watu wasiooana, ulikuwa mrefu kupita adabu.

"Mzazi mwenzangu," alisema Mukhta hatimaye, "hii ni pashmina halisi."

"Na hiyo, mzazi mwenzangu," akajibu Sonaullah, "ni dhahabu tupu."