Sheria Aliyoitukana Ngiri

Zamani si sana, baraza la wanyama lilipitisha sheria fupi: anayeomba kazi ajaribiwe kwanza, asikataliwe kwa umbo lake wala kwa mtoto aliyembeba.

Ngiri, mwenye shamba la viazi, aliichukia. Kima alipokuja na mtoto kifuani kuomba kazi ya kuvuna, alimfukuza kabla hajagusa kiazi.

"Shamba langu, jasho langu! Kesho baraza litanichagulia na mke. Nenda kalee!"

"Nalea, bwana. Ndiyo maana natafuta kazi," Kima akajibu, akaenda zake.

Kiangazi kikaua viazi vya Ngiri. Akichimba mizizi ale, akavunja meno yake mawili yaliyochomoza kwenye jiwe. Akaenda kwa Nungunungu, mwenye shamba la viazi kando ya mto, kuomba kibarua.

"Ngiri kibogoyo?" Nungunungu akacheka. "Utachimba kwa masharubu?"

Msimamizi wa pale alikuwa Kima, mtoto wake sasa akikimbia mwenyewe. Akasema, "Tajiri, sheria inataka ajaribiwe."

Ngiri akapiga magoti, kama ngiri wote wachimbavyo, akasukuma udongo kwa pua. Kufika adhuhuri alikuwa amejaza vikapu vitatu, na hakuna kiazi hata kimoja kilichokatwa na jino. Nungunungu akamsogezea kikapu cha nne.

Mtoto wa Kima akamletea maji kwenye kifuu. Ngiri akakipokea, akamgeukia Kima.

"Mama, mbona umenitetea? Sheria hiyo niliitukana."

"Ilikuwa yako hata ulipoitukana," Kima akasema. "Kunywa upesi. Bado matuta mawili."