Ukuta wa Baraza

Shaweji hakutaka kusikia habari za paa. Mwaka wa tatu sasa lilikuwa likivujia kitanda cha dada yake, Zamoyoni, lakini yeye alikuja na ndoo ya chokaa tu, akaukabili ukuta wa baraza, pale marehemu baba yao alipoandika kwa rangi nyekundu ya mafuta: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Mnunuzi anakuja saa kumi. Uchafu huu utoke."

"Baba aliwaandikia matapeli," Zamoyoni alisema. "Hakujua kwamba tapeli kamzaa mwenyewe."

"Funga virago, dada. Maneno hayatakusaidia."

Akapaka, akarudia, jasho likimtiririka. Zamoyoni aliendelea kuchambua mchele mkekani. Idi iliyopita naye aliupaka chokaa ukuta ule, kwa hiyo alijua kitakachofuata. Hakumwambia.

Saa kumi gari lilisimama nje. Shaweji akatoka mbio kumlaki mgeni, tabasamu hadi masikioni. Nyuma yake chokaa, iliyokwisha kukauka, ilianza kubanduka magamba, na wekundu ukachungulia herufi kwa herufi.

Zamoyoni alikung'uta mkeka, akautandika upya ukiuelekea ukuta.

"Karibu, mgeni," aliita. "Kaa hapa."