Kama Alivyozikuta

Odesa alipiga kura yake ya kwanza akiwa na miaka sitini na mitatu, mwaka ambao weusi wa mji ule waliacha kuzuiwa na wazungu kupiga kura. Alikuja na penseli aliyoichonga mwenyewe. Karani, mzungu, akamwonyesha pazia kwa kidole tu. Nyuma ya pazia hapakuwa na karatasi, ila mashine yenye majina, na kando ya kila jina swichi. Akateremsha tatu, moja kwa kila kiti, kila moja ikilia. Kisha, kwa mazoea ya miaka arobaini ya kusafisha nyumba za watu, akazirudisha juu kama alivyozikuta, zikalia tena, akavuta mpini mkubwa, pazia likafunguka.

“Umemaliza, Shangazi?” karani akauliza, akimwita kama wazungu walivyowaita wanawake weusi wazee.

“Nimemaliza, bwana.”

Hajafika mlangoni, akamsikia karani akimwelekeza Verna, msafisha nyumba mwenzake Odesa. “Ukishateremsha, ziache chini. Ukizirudisha, hujamchagua mtu.”

Odesa akageuka. “Bwana, naomba nirudi kidogo.”

“Kila mtu mara moja, Shangazi.”

“Kuna nini, dada?” Verna akauliza.

“Hakuna kitu. Ingia.”

Pazia likafungwa. Swichi ikalia, ikalia nyingine, kisha ya tatu. Odesa akaibana penseli mkononi, akiomba isilie ya nne.