Kola ya Upande Mmoja

Kifungo kiligonga sakafu, tik, kikabingirika gizani mpaka uvunguni mwa kabati. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Kofi lililokinyofoa kifungo lilimkuta mwanamke shingoni, chini ya sikio la kushoto, na kabla hajavuta pumzi likafuata teke la mbavu.

"Mbele za watu!" mumewe alihema. "Unanijibu mimi mbele za watu!"

"Nilisema kweli tu..."

Akamshika nywele, akamgongesha ukutani. "Haya, nenda kanisemee. Nani atakuamini wewe?"

Mlango ulipobamizwa, binti yake wa miaka mitano alitoka chumbani na tochi. Akamulika shingo ya mama yake, akaifuatisha alama kwa kidole, taratibu: duara, na ndani yake mistari miwili imepishana.

"Nani kakuchora?"

"Nimeanguka, mwanangu."

"Umeangukia nini?"

Mama akamvuta kifuani.

Asubuhi alichana kipande cha pazia la zamani, akashonea kola kwenye gauni lake. Kulia ililala kama kola zote. Kushoto ilipanda mpaka sikioni, ikafungwa kwa vifungo vitatu. Akaenda kazini, ambako hakuna aliyejua ameolewa na nani.

Kazi yake ilikuwa utafiti wa mitindo kwenye kampuni ya mavazi: kuzunguka masokoni na vituo vya mabasi, kupiga picha za watu walivyovaa, kisha kuwaambia wakubwa mji unaelekea wapi. Kampuni ilikuwa hoi. Ukiikata lebo, nguo yao na ya jirani huzijui ipi ni ipi.

Fundi mkataji ndiye aliyemwona kwanza. "We dada! Hiyo kola umeiokota mtaa gani?"

"Mtaani kwetu."

"Basi mtaa wenu una akili. Hii ndiyo sura tuliyokuwa tunaitafuta!"

Mkurugenzi akaitwa. Aliitazama kola kitambo, akiizungusha pete kidoleni. Nembo mpya ya kampuni ilikuwa siri mpaka siku ya uzinduzi. Hata pete aliyoichongesha nembo hiyo aliivaa uso wake umegeukia kiganjani. Akachukua penseli, akaichora karatasini bila kupima.

"Upande huu ipande," alisema. "Ifike hapa."

Alipatia penyewe, pale penye alama.

"Bosi, jicho lako futi!" fundi akacheka. Mkurugenzi alipotoka, akamnong'oneza mtafiti: "Una bahati wewe. Jana umempinga kikaoni mpaka tukatamani kuingia chini ya meza, leo anakuchorea!"

Wiki zikaenda. Mumewe akamkanyaga vidole vya mkono kwa kiatu. Glavu ya mkono mmoja ikaingia kwenye mkusanyiko wa mavazi mapya. Akampasua nyusi kwa sahani. Ikaja kofia iliyoinamia jicho. Kila jeraha likapata pindo lake, na fundi akazidi kumsifu. Nyumbani alijifunza kulala na viatu miguuni, mtoto ubavuni. Moyoni alishaondoka. Alichokosa ni mtu mmoja tu wa kumwamini.

Asubuhi ya uzinduzi alikula kofi jingine, palepale shingoni, kwa kuchelewa kupiga pasi. Akafunga vile vifungo vitatu, akamshika binti yake mkono, wakaenda.

Ukumbi ulifurika. Wanamitindo walipita na kola, glavu na kofia, watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mkurugenzi akapanda jukwaani, akavuta pazia. Nembo mpya ikajaa ukuta mzima: duara, na ndani yake sindano mbili zimepishana.

Mwandishi wa habari akauliza wazo la kola lilitoka wapi.

"Utafiti," Mkurugenzi alisema kwenye maikrofoni, akitabasamu. "Sisi tunawatazama wanawake kwa karibu sana."

Kalamu zikaandika. Safu ya mbele, binti akapanda juu ya kiti chake, akanyoosha kidole ukutani, akamtazama mwenye maikrofoni.

"Baba, hiyo mama anayo shingoni."