Kamera ya Macho Mawili

"Hakuna mbovu kuliko hii?" Isihaka aliuliza.

Amri, mwenye duka la simu na redio pale sokoni Ruangwa, alidhani hakusikia vizuri. Tangu afungue duka, watu humwomba kizuri cha bei ya chini. Kibovu hakuna aliyewahi kukiomba.

"Bingwa, hii ndiyo hohehahe wa duka zima. Elfu arobaini na tano. Gari likitikisika sana inajizima yenyewe, mpaka uiguse ndipo iwake."

"Inajizima kabisa?"

"Kabisa. Inalala kama mgonjwa."

"Basi hiyo hiyo," alisema Isihaka, akajitupa kwenye kiti cha plastiki bila kukaribishwa. Goti la kulia lilikuwa linamsumbua. Tangu alipoanguka kutoka juu ya mkorosho kule Mtua, siku chache kabla ya mbio zake za kwanza za magari, goti hilo hukunjika linapotaka lenyewe, si linapoambiwa.

Mkewe, Shakila, alisimama karibu na mlango, kikapu mkononi, akilitazama gari lao jekundu huko nje.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mbio za magari za ridhaa, kutoka Nachingwea hadi Ruangwa, barabara ya vumbi. Magari huachiwa moja moja, na saa ndiyo hakimu. Kila gari hubeba watu wawili, dereva na wa kumsomea kona. Miaka sita mfululizo kombe lilikwenda nyumbani kwa Isihaka. Lakini mwaka jana mtu mmoja alikatiza katikati ya shamba la ufuta la watu, ukazuka ugomvi wa kutoana macho, ndipo kamati ikaweka sharti: kila gari liwe na kamera, na kadi yake wakabidhiwe waamuzi.

Amri aliinama, akashusha sauti. "Mzee wangu, niambie ukweli. Na wewe hukatiza kwenye ufuta?"

"Sijawahi kukanyaga shamba la mtu."

"Sasa unaogopa nini? Mtu mwenyewe unajulikana mpaka Chiola! Unaanza kama kobe, unamaliza kama kobe, katikati shetani. Wanangu wakicheza magari wanapigana, kila mmoja anataka kuwa Isihaka."

Isihaka alicheka kicheko cha mtu aliye msibani. Miaka sita anayasikia hayo. Kila mkono uliompongeza ulikuwa kama gunia la korosho aliloongezewa kichwani, na hakutokea hata mmoja wa kumtua.

"Uwezo wangu ndio huo," alisema. "Nifungie hohehahe wako twende zetu."

"Ya bei tutaelewana. Hebu kwanza uone hii." Amri alitoa kamera nyingine, akaiweka juu ya meza, akaiunganisha na televisheni ndogo. "Ina macho mawili. Hili linatazama barabara, hili linatazama ndani. Kwako wewe laki moja tu. Na haizimiki hata uitumbukize kisimani."

Duka likatokea kwenye televisheni. Isihaka alimwona mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi, akashtuka kujua ni yeye. Nyuma yake alikuwa Shakila. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa kwenye mikunjo ya macho, na nywele zilizochungulia chini ya mtandio zilikuwa nyeupe. Zimekuwa nyeupe lini? Miaka sita wameketi bega kwa bega garini, wote wawili macho mbele. Na katika picha zote za kombe zilizobandikwa sebuleni, Shakila alibaki kiwiko tu.

"Shemeji, mbona kimya?" Amri alimtania. "Unaogopa kuonekana ukipiga mayowe kwenye kona? Haya, kitendawili!"

"Tega."

"Ana jicho, hana kope, alichokiona hakikani."

"Kamera. Hicho ni cha watoto," alisema Shakila. "Shika changu. Mmoja hucheza ngoma, mwingine hutunzwa."

Amri alijikuna kisogo. "Gari na dereva! Gari linahangaika, kombe anapewa dereva."

"Umekaribia. Toa mji."

"Chukua Lindi yote."

"Nimeichukua," alisema Shakila, lakini jibu hakulitoa. Alihamishia kikapu mkono wa pili, akageuka tena kutazama nje. Hakuwa amekasirika wala hakuwa anacheka.

Isihaka alikuwa bado anaitazama televisheni.

"Hilo jicho la ndani," aliuliza taratibu, "linaona viti vyote viwili?"

"Vyote, bingwa. Hata ukipiga miayo litakusema."

Isihaka alitoa pesa mfuko wa shati, akatoa nyingine mfuko wa koti, akaziweka zote mezani.

"Nifungie hiyo ya macho mawili."

"Baba Nuhu," Shakila alinong'ona, "si tulishakubaliana?"

"Tulikubaliana. Nimechoka."

Nje jua lilikuwa kali. Wauza nyanya walimpigia bingwa vigelegele, na Amri mwenyewe alitoka kumsindikiza. Isihaka alilizunguka gari akichechemea, akafungua mlango wa kushoto, akanyoosha mkono juu ya paa na kumpa mkewe ufunguo.

"Watu wanatazama," alisema Shakila.

"Waache watazame. Na kesho, Mama Nuhu, tusisimame tena pale kwenye mikorosho kubadilishana viti. Ondoka nalo wewe Nachingwea, ufike nalo wewe Ruangwa."