Wazo Lisilopewa Kiti

Shemasi alikagua kamba ya mwenzake, Unyoya, kwa mara ya tatu. Fundo, breki, fundo tena.

"Leo utaipigia magoti hiyo kamba," Unyoya alisema. "Twende kazini, bwana, vioo havijioshi."

Akampita kwa nyuma, akamchapa kibao cha kiunoni kama afanyavyo kila asubuhi, vyuma vya mkanda vikalia. "Tuko pamoja, mtumishi!" Kisha akakalia kiti chake cha ubao, ndoo ya sabuni ubavuni, akajiachia nje ya paa la ghorofa ya kumi na nne huku anapiga mluzi.

Shemasi hakukipenda kibao kile. Mtu anayekuibia hana haki ya kukuchapa mgongo na kukuita mtumishi.

Lo! Tayari. Wazo lenyewe hilo, hata saa mbili haijagonga.

Kazi yao ilikuwa kuosha vioo vya majengo marefu. Mmoja hushuka, mwingine hubaki juu, ukingoni, ameshika mpini wa breki. Ukiuinua kidogo, kamba inateremka kidogo. Ukiuinua wote... hakuna aliyewahi kuuinua wote.

Na Shemasi alikuwa shemasi kweli, si jina la utani tu. Mchungaji wake alikuwa amemfundisha: huwezi kulizuia wazo baya lisibishe hodi, ila usilipe kiti. Liulize limetumwa na nani. Likishindwa kumtaja Kristo, lioneshe mlango.

Tatizo, wazo hili halikuwa na haya. Lilikuja na kandambili miguuni, kama mtu wa nyumbani.

Lilianza mwezi uliopita, walipomzika mama yake. Usingizi ulimkimbia. Akawa anatia chumvi kwenye chai, anakwenda kazini na soksi mbili zisizojuana. Mke wake akawa anamsindikiza hadi mlangoni kama mtoto wa chekechea: "Baba, umechukua funguo? Umekula? Utaangalia huko juu?" Kidogo kidogo maswali yakaisha, akabaki anamtazama tu. Ndipo Shemasi alipoiona namba ya mke wake kwenye simu ya Unyoya. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi.

Hakuuliza. Aliona kuuliza ni kulivutia wazo kiti.

Kwa hiyo aliomba. Aliomba kwenye ngazi, aliomba akichanganya sabuni, aliomba mpini ukiwa mkononi. Sala yenyewe fupi, maana upepo wa juu hauna subira: "Bwana, niwekee mlinzi." Na kwa sababu alikuwa hajiamini, kila asubuhi aliikagua kamba ya Unyoya mara tatu, isije siku moja mkono wake ukafanya jambo ambalo kichwa chake kilikuwa kinalijua tayari.

Kamba ilitikisika mara mbili. Teremsha. Akateremsha.

Ndipo simu ikalia. Unyoya alikuwa ameiacha juu ya begi la vifaa, hatua moja tu kutoka ukingoni. Kwenye kioo cha simu paliandikwa: Shemeji.

Ikalia hadi ikakata. Ikalia tena.

"Pokea," wazo likasema. "Usikie anavyomwita."

Shemasi hakupokea.

"Basi inua mpini. Kamba huwa zinakatika. Nani atajua? Utalia msibani kuliko wote."

Mpini ulikuwa wa baridi, mwepesi. Mwepesi mno. Huko chini Unyoya alikuwa anakiimbia kioo cha watu, sauti yake mbovu kama bawaba kavu.

"Umetumwa na nani?" Shemasi akauliza kwa sauti. "Sema! Umetumwa na nani?"

Wazo likanyamaza.

"Basi toka. Kwa jina la Yesu, toka, na kandambili zako!"

Akaukandamiza mpini chini kwa mikono miwili, breki ikauma. Lakini alikuwa ameukandamiza kwa nguvu za mtu anayefukuza jambazi. Mguu ukateleza kwenye maji ya sabuni. Ukingo ukapita chini ya magoti yake, na kwa nukta moja aliiona barabara yote, magari madogo kama viberiti, hewa tupu mbele ya kifua.

Kamba yake ya usalama ikamdaka kiunoni. Akarudi nyuma kwa kishindo, akakalia maji.

"Asante, Bwana," alinong'ona. "Asante, asante."

Alipompandisha Unyoya, Shemasi alikuwa bado anadondosha maji ya sabuni. Ila kichwani palikuwa kimya, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kwa hiyo sasa aliweza kuuliza.

"Mke wangu amekupigia. Mara mbili."

Unyoya alikunja kitambaa chake polepole. Hakutania. Hilo peke yake lilitisha.

"Leo nilichelewa kumjibu," alisema. "Nisamehe, kaka. Alinikataza nisikwambie."

"Usiniambie nini?"

Unyoya akamzunguka kwa nyuma, pale pale panapopigwa kibao kila asubuhi, akaifungua ndoano ya kamba iliyomdaka, akamwekea kiganjani.

"Kamba yangu unaikagua mara tatu, Shemasi. Yako hujaigusa tangu mmzike mama. Kila asubuhi mkeo huniuliza kama nimeshakufunga."